Embe la kuoka kwa bakuli la mtu mmoja: dalili za kuharibika, sababu zake na namna ya kurekebisha

Kitindamlo cha tunda la moto, yaani vipande vya embe, nanasi au ndizi vilivyofunikwa kwa chenga za unga, siagi na sukari kisha vikaokwa, hakina ugumu mkubwa kinapopikiwa familia kwenye trei pana. Kinapopikiwa mtu mmoja, kwenye bakuli linaloenea kiganjani, mambo hubadilika, kwa sababu kijiko kimoja cha maji ya ziada ambacho kwenye trei ya watu wanane kisingeonekana kabisa, hapa kinatosha kugeuza tunda kuwa mchuzi. Hali ya Dar es Salaam nayo ina mchango wake: mchana wa Januari na Februari joto hufika nyuzi 32 za selsiasi, hewa imejaa unyevu wa bahari, na wengi wanaoishi peke yao hawana oveni kubwa, bali kioveni cha umeme cha kuweka mezani, jiko la gesi lenye oveni chini yake, au jiko la mkaa na sufuria nzito.

Kabla ya kulaumu kipimo cha sukari au aina ya unga, inafaa kujiuliza maswali mawili: maji yametoka wapi na yamekwenda wapi, na moto umetoka upande gani. Karibu kila kasoro inayoelezwa hapa chini inajibiwa na mojawapo ya maswali hayo.

Ili dalili zisomeke vizuri, pawepo kipimo cha kulinganishia. Kwa bakuli la mililita 300, chukua gramu 150 hadi 180 za nyama ya embe iliyokatwa vipande vya sentimita mbili, kijiko kimoja cha chai cha wanga wa mahindi (ule unga mweupe laini unaotumika kuifanya supu iwe nzito, si unga wa sembe), kijiko kimoja au viwili vya chai vya sukari kulingana na utamu wa embe lenyewe, na matone machache ya ndimu. Kwa chenga, chukua gramu 30 za unga wa ngano, gramu 20 za siagi ya baridi, gramu 15 za sukari na chembe ya chumvi. Moto uwe nyuzi 180, na muda uwe dakika 25 hivi. Asiye na mizani ahesabu vijiko vinne vya chakula vya unga vilivyosawazishwa kwa kisu. Lakini ajue kwamba vijiko vya nyumbani havilingani ukubwa, na kwenye bakuli dogo tofauti hiyo huonekana mara moja.

Chini pana mchuzi badala ya tunda

Hii ndiyo dalili inayojitokeza kuliko zote, na ina sababu kadhaa zinazofanana kwa macho lakini zinazotibiwa kwa njia tofauti. Kwa hiyo ni vema kuonja na kuangalia kabla ya kuamua.

Kwanza, huenda hakuna kilichoharibika. Wanga ulioiva huendelea kuwa mzito kadiri unavyopoa, na bakuli lililotolewa motoni sasa hivi litaonekana jepesi hata kama limepikwa sawasawa. Liache dakika kumi mezani, kisha zamisha kijiko pembeni. Ikiwa mchuzi umeganda kiasi cha kuushika mgongo wa kijiko, kasoro ilikuwa ni haraka ya mlaji tu.

Ikiwa baada ya dakika kumi mchuzi bado ni mwepesi, na ukiuonja unaacha ladha ya unga mbichi ulimini, basi wanga haukuiva. Chembe za wanga wa mahindi huanza kuvimba kwenye nyuzi 60 na kitu, lakini huhitaji kukaribia kiwango cha kuchemka ili zikamate maji yote. Alama ya kuaminika haipo juu ya chenga, ipo ukingoni mwa bakuli: mchuzi unapaswa kuchemka kwa mapovu mazito, yanayopasuka polepole, na mapovu hayo yaonekane pande zote, si upande mmoja uliokaribiana na moto. Rangi ya juu inaweza kupendeza dakika ya 15 huku katikati pakiwa bado pa vuguvugu. Dawa yake ni kulirudisha bakuli motoni, ukiwa umefunika juu kwa kipande cha karatasi ya foili ili chenga zisiungue, mpaka mapovu hayo yaonekane kwa dakika mbili au tatu.

Ikiwa mchuzi hauna ladha ya unga mbichi lakini bado unatiririka, tazama tunda. Embe lililoiva kupita kiasi limeshalainika, na kuta za chembe zake huachia maji mara zinapopata moto. Kwa kuoka, embe linalofaa ni lile ambalo ukilibonyeza kwa kidole gumba karibu na kikonyo linabonyea kidogo tu, na harufu yake inasikika ukilileta karibu na pua, si ukiwa umesimama mbali. Sokoni Buguruni au Mabibo, mwuzaji akikuuliza kama unataka la kula leo au la kesho, chagua la kesho, hata kama unaoka leo. Embe dodo lina nyama nyingi na halina nyuzi za kusumbua. Maembe madogo ya kienyeji yana harufu tamu sana, lakini nyuzi zake hubaki kwenye meno na maji yake ni mengi, hivyo ni bora yakamuliwe juisi.

Nanasi ni mtihani zaidi. Nanasi la Kiwangwa, Bagamoyo, lililoiva vizuri lina maji yasiyoweza kumalizwa na kijiko kimoja cha wanga, na kuongeza wanga si suluhisho, kwa kuwa ukizidi kipimo unapata kitu kinachonata kama gundi. Njia ya uhakika ni kuvitangulizia vipande vya nanasi moto: viweke kwenye sufuria ndogo bila maji na bila sukari, kwa moto wa wastani, ukivigeuza kwa dakika nne au tano mpaka maji yaliyojitokeza yapungue kwa zaidi ya nusu, ndipo uvichanganye na wanga uliokorogwa kwa kijiko kimoja cha maji baridi. Ndimu usiitie hapo, kwani nanasi lina asidi ya kutosha, na asidi nyingi ikichemshwa pamoja na wanga huudhoofisha, mchuzi ukarudi kuwa mwepesi.

Kuna sababu nyingine inayowapata watu waangalifu, wale wanaopenda kuandaa mapema. Ukinyunyizia sukari kwenye vipande vya tunda saa moja kabla ya kuoka, sukari huvuta maji kutoka ndani ya tunda, na utakuta vipande vimesinyaa katikati ya kidimbwi. Usiyamwage maji hayo, maana ndiyo yenye ladha. Yachuje kwenye sufuria, yachemshe mpaka yabaki kijiko kimoja kizito, kisha yarudishe. Vipande vya embe vilivyotoka kwenye friza hufanya vivyo hivyo vinapoyeyuka, na tiba yake ni hiyo hiyo.

Mwisho ni umbo la chombo. Kikombe kirefu chembamba, ambacho watu hukipendelea kwa sababu kinapendeza, kina mdomo mdogo wa kutolea mvuke. Bakuli pana lenye kina cha sentimita nne au tano huachia maji mengi zaidi kwa muda uleule. Mimi kikombe ningekiachia chai.

Chenga zimekuwa bamba gumu, au zimezama na kuwa kinyunya

Siagi huanza kuyeyuka kabisa kati ya nyuzi 32 na 35, na jiko la chumba kimoja Sinza saa nane mchana limeshafika hapo kabla hujawasha moto. Chenga nzuri hupatikana pale ambapo siagi imegawanyika kuwa vipande vidogo vilivyozungukwa na unga. Siagi inapoyeyuka mapema, unga huinywa yote, maji yaliyomo ndani ya siagi (siagi ya kawaida ina maji karibu sehemu moja ya sita) huulowesha unga, na unachobaki nacho ni donge linaloweza kukandwa kama la chapati. Likioka linakuwa bamba. Likiwa jembamba na tunda lenye maji mengi, linazama.

Dalili ya mapema ipo vidoleni. Chenga zinazofaa ukizifinya kiganjani hushikana, na ukizigusa kwa kidole huachana tena zikiwa punje zenye ukubwa tofauti, nyingine kama mchele na nyingine kama kunde. Zikiacha mng’ao wa mafuta kiganjani, simama. Weka bakuli lote kwenye friji dakika 15, kisha lichambue kwa uma. Afadhali zaidi, tangu mwanzo unga na bakuli vikae kwenye friji, siagi ikatwe vipande vidogo, na uichanganye kwa ncha za vidole na si kwa viganja, kwa sababu viganja ndivyo vyenye joto.

Asiye na friji asikate tamaa, bali abadilishe mbinu badala ya kushindana na hali ya hewa. Yeyusha mafuta kwa makusudi, na badala ya siagi tumia samli, ambayo maji yake yameshakaushwa. Gramu 16 za samli zinatosha mahali pa gramu 20 za siagi. Imimine ikiwa ya vuguvugu juu ya unga na sukari, koroga kwa uma mara chache mpaka madonge madogo yajitokeze, kisha acha. Chenga hizi zina mkwaruzo zaidi kuliko za siagi, na harufu ya samli pamoja na iliki ni kitu ambacho jiko la Pwani lilishakijua zamani.

Kuhusu majarini, soma kopo. Ile laini ya kupaka kwenye mkate mara nyingi ina maji mengi kuliko siagi, na nyingine zenye mafuta kidogo zinaweza kuwa na maji karibu nusu ya uzito wake. Hizo hazitoi chenga kwa namna yoyote ile. Majarini ngumu ya kuokea, inayouzwa kwa vipande vilivyofungwa kwa karatasi, inafaa, ingawa ladha yake ni ya kawaida tu.

Kuna pia chenga zilizokuwa nzuri wakati wa kuingia motoni na zikalowa baadaye. Hapo sababu ni mvuke wa tunda au kufunika bakuli likiwa la moto. Kitu cha moto chenye chenga hakifunikwi, hata kwa kawa ya kuzuia nzi. Likilazimika kufunikwa, lisubiri lipoe kwanza.

Juu pameungua, ndani tunda ni gumu

Kwenye kioveni cha umeme cha mezani, waya wa juu unaweza kuwa sentimita nane tu kutoka kwenye bakuli. Moto wa waya ulio karibu hivyo huunguza uso kabla hewa ya ndani haijapasha tunda. Shusha kichanja hadi ngazi ya chini, zima waya wa juu kama swichi inaruhusu, na uuwashe kwa dakika tano za mwisho tu. Kama haina swichi hiyo, funika kwa foili tangu dakika ya kumi.

Angalia pia ukubwa wa vipande. Anayegawanya kipimo cha familia kwa sita hupunguza kila kitu isipokuwa unene wa vipande, na muda wa kuiva hufuata unene na kina, haufuati idadi ya walaji. Bakuli la mtu mmoja lenye kina sawa na trei ya familia linahitaji muda unaokaribiana na wa trei. Matunda magumu kama tufaha na pera hukatwa nusu ya ukubwa wa vipande vya embe, au hutangulizwa kwenye sufuria.

Juu pamebaki peupe

Hapa jibu lipo kwenye swali la pili la mwanzoni, la moto umetoka upande gani. Oveni ya gesi hutoa moto chini. Bakuli likikaa ngazi ya chini kabisa, mchuzi utachemka vizuri huku chenga zikibaki na rangi ya unga. Lipandishe bakuli ngazi ya juu tangu mwanzo, na kama oveni ina moto wa juu, tumia dakika mbili au tatu za mwisho ukiwa umesimama hapo hapo, maana kati ya rangi ya dhahabu na majivu hapapiti muda mrefu.

Kwa umeme, jambo la kuangalia ni nguvu ya umeme wenyewe. Vifaa vyetu vimetengenezwa kwa volti 230. Jioni, mtaa mzima unapotumia umeme kwa pamoja, volti zinaweza kushuka, na joto linalotolewa na waya hupungua kwa kasi kuliko volti zenyewe: kwenye volti 200, waya hutoa kama robo tatu tu ya joto lake. Kama taa zinafifia, ongeza muda wa kupasha kioveni kabla ya kuweka bakuli, na usifungue mlango kila dakika kuchungulia.

Kwa mkaa, utaratibu unaojulikana wa mkate wa kumimina unafaa kabisa: moto kidogo chini, na makaa mengi zaidi yapaliwe juu ya mfuniko. Wanaoweka mchanga ndani ya sufuria ili kusawazisha joto wahakikishe mchanga umekauka kabisa. Mchanga wenye unyevu hutoa mvuke, mvuke huo hupanda hadi kwenye mfuniko, unageuka matone na kudondokea chenga, na hakuna kiasi cha makaa kitakachozipa rangi kabla unyevu haujaisha. Utaujua mvuke huo kwa kufunua mfuniko kwa haraka na kutazama upande wake wa ndani: ukiwa unang’aa kwa matone, uufute kwa kitambaa kikavu, uinue upande mmoja kwa kijiti ili mvuke upate pa kutokea, na upalie makaa upya. Kazi hii ifanyike uani au barazani. Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa hutoa hewa yenye sumu isiyo na harufu, na hiyo huua.

Maikrowevu haiwezi kuzipa chenga rangi, hata ukiongeza muda maradufu, kwa kuwa hupasha maji yaliyomo kwenye chakula na joto la chakula chenye maji halivuki sana nyuzi 100, ilhali rangi ya kahawia inahitaji zaidi ya nyuzi 140. Kama ndicho kifaa pekee ulicho nacho, pika tunda na wanga humo kwa dakika tatu au nne mpaka lichemke, na chenga zikaange pembeni kwenye kikaango kikavu kwa moto mdogo ukizigeuza bila kuacha. Zinyunyizie juu wakati wa kula.

Ladha haikukaa sawa

Embe lililookwa hupoteza sehemu ya harufu yake na utamu wake huonekana kuzidi. Ndimu na chembe ya chumvi hulirudishia uhai. Papai ndilo linalohitaji ndimu kuliko yote, kwa sababu halina uchachu wake. Ndizi mbivu hazihitaji sukari hata kidogo, ila ziwe na madoa meusi kwenye ganda. Ndizi ya njano yenye ncha za kijani hubana ulimi hata baada ya kuokwa.

Uchungu una vyanzo viwili: ganda la ndimu lililokwanguliwa mpaka kwenye utando mweupe, na karafuu. Kwa mtu mmoja, karafuu nzima moja ni nyingi. Iliki punje tatu au nne zilizotwangwa, au mdalasini kwa ncha ya kisu, vinatosha.

Ukipenda kumwagia krimu au maziwa mazito, fanya hivyo juu ya nanasi lililoiva motoni. Nanasi bichi lina kimeng’enya kinachovunja protini, na likikutana na maziwa huyafanya yawe machungu. Moto hukiua kimeng’enya hicho. Kwa hiyo maziwa yakichachatika ulimini kwa uchungu, ujue katikati ya bakuli hapakuiva.

Bakuli limepasuka

Bakuli la kioo au la udongo lililotoka kwenye friji halipaswi kuingia moja kwa moja kwenye oveni ya moto, wala likitoka motoni halipaswi kuwekwa juu ya sinki lenye maji. Litoe kwenye friji dakika 20 kabla, na likitoka motoni liweke juu ya kitambaa kikavu au ubao. Kikombe cha bati chenye rangi ya kauri, kile cha zamani cha chai, hakipasuki na hupokea moto haraka, ila hushika joto chini, kwa hiyo tunda liongezee kijiko cha maji na ulipunguzie dakika tano motoni.

Chenga za akiba zimebadilika harufu

Kwa kuwa ni usumbufu kutengeneza gramu 65 za chenga kila mara, wengi hutengeneza za mara nne au tano na kuziweka kwenye kopo kabatini. Katika joto la Dar es Salaam siagi mbichi huanza kuchacha upesi, na hata kabla ya hapo sisimizi watakuwa wameshalijua kopo hilo. Mahali pake ni friza, kwenye mfuko uliokamuliwa hewa na kulazwa bapa ili chenga zisigandane kuwa donge moja. Zikitolewa, hazisubiriwi ziyeyuke: humwagwa juu ya tunda zikiwa bado za barafu, na bakuli huongezewa dakika tatu hadi tano motoni.